Urefu wa Mlango

Wamenipa ghala la zamani la mkonge, Ngamiani,
wiki sita, na fedha za harusi ndogo,
nijenge utoto juu ya jukwaa.
Si wangu, wakasema. Wa yule mtoto wa kwenye opera
anayeimba dakika arobaini kabla hajafunguliwa mlango.
Nikasema sawa. Nikashika penseli,
na mkono ukachora kota za reli, Chumbageni,
nyumba namba saba,
bila kuniuliza.

Fundi Shemdoe akakunjua futi yake ya mbao.
"Mlango urefu gani?"
Mrefu.
"Mrefu si kipimo. Nipe sentimita."
Basi nikamwambia: piga magoti hapo kwenye vumbi,
tazama kitasa kama mtu aliyekatazwa kukigusa.
Akapiga magoti, na miaka yake sitini na mbili,
magoti yakalia kama mbao mbichi,
akatazama juu muda mrefu kuliko nilivyomwomba.
Akainuka kimya,
akaandika kiganjani: mita nne na robo.

Tukajenga hivyo. Kitasa kimempita kichwa Hilda Kopwe,
mama wa watoto watatu, sauti yake hutingisha mabati,
lakini akikinyooshea mkono
ana miaka sita, wala haigizi.
Mvua nimeitengeneza kwa singa za mkonge,
zimechanwa, zimening'inizwa kutoka darini,
zinanuka shati la baba siku ya mshahara.
Koroboi ni balbu ya wati tano ndani ya kopo la maziwa.
Mwezi nimeukataa. Mwongozaji ameuomba mara mbili.
Chumba chetu hakikuwa na mwezi, kilikuwa na taa ya garimoshi
ikipita ukutani, ikitukagua mmoja mmoja,
ikienda zake Korogwe.

Na rangi. Kijani.
Nilikichanganya siku nne, ndoo baada ya ndoo,
hiki cha mgomba, hiki cha msikiti, hiki cha chupa,
mpaka kikaja chenyewe, kijani cha mlango wetu,
nikakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa
na chakula cha mchana kikapoa mapajani.

Jumamosi akaja dada yangu Mwantumu, kutoka Pongwe,
na machungwa kwenye mfuko wa rambo.
Akasimama mbele ya kazi yangu. Akamenya moja,
ganda likashuka bila kukatika.
"Pazuri," akasema. "Ila huu mlango si wetu.
Wetu ulikuwa wa kijivu, rangi ya shirika, kama kota zote.
Wa kijani ni wa kina Mama Sefroza,
tulikolazwa usiku ule mama anapelekwa Bombo.
Ulikaa chini yake mpaka kukapambazuka.
Kitanda ulikikataa. Ulisema atakayefungua ni mama.
Hukumbuki?"

Sikukumbuka.
Nilikuwa nimejenga, kwa kilo tisa za misumari,
mlango wa watu,
nikauita nyumbani.

Mwongozaji anasema tupake kijivu, siku tano zinatosha.
Mwantumu anasema acha, nani atajua,
kisha anatazama pembeni,
maana yeye anajua.
Mimi nimezunguka nyuma ya ukuta
ambako plaiwudi iko uchi, na hesabu za Shemdoe za penseli,
na jina la mjukuu wake alilojaribia kalamu.
Hapo chini, kwa brashi ya inchi moja,
nimepaka kijivu,
upana wa mtoto aliyeketi, basi.
Hilda ataegemea upande wa pili asijue.

Saa tatu usiku. Shemdoe anafungasha bisibisi.
Ameshika kopo la grisi.
"Bawaba nizitie? Zinalia."
Ziache, fundi.
Zilie.